Enum, bool au eksepsheni: matokeo ya fanksheni mnayarudishaje?

msimbo_safi: Wakuu, natumia lugha ya Kotlin. Nina fanksheni ya malipo inayorudisha kitu chenye sehemu tatu: `sawa` (bool, yaani kweli au si kweli), `data` na `kosa`. Jana kwenye logi nimekuta `sawa = true` na `kosa` limejaa maandishi. Sasa nimwamini nani? Nihamie enum (aina yenye orodha ya hali zinazoruhusiwa), au nitupe eksepsheni (kosa linalokatiza fanksheni) tu?

bitimoja: Mkuu, ugonjwa uko kwenye umbo lenyewe. Sehemu tatu zisizojuana zitakuletea michanganyiko isiyo na maana. Mimi kwenye Rust naandika hivi:

```
enum Malipo {
    Yamepita(Risiti),
    Yamekataliwa(Sababu),
}
```

Risiti inakaa ndani ya `Yamepita`, basi. Huwezi kuishika pamoja na sababu ya kukataliwa hata ukitaka. Na kwenye `match`, pale unapochagua la kufanya kwa kila hali, ukisahau tawi moja kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inagoma.

mama_seva: Tahadhari, enum ya Kotlin na Java si hiyo! Kule kila jina ni kitu kimoja tu kwa programu nzima. Ukihifadhi risiti ndani yake, wateja wawili wataigombania. Unachotaka ni `sealed interface`, aina yenye matawi yanayojulikana yote mapema, kila tawi na data yake. Tangu Kotlin 1.7 ya 2022, `when` (`match` ya Kotlin) iliyoruka tawi la sealed ni kosa, si onyo tena. Wa Java wana `sealed` tangu 17, ila `switch` ya kuzikagua ilikamilika kwenye 21.

punda_wa_go: Sisi wa Go tunarudisha thamani na `err`, maisha yanasonga. Nakiri lakini: ukiandika `_` mahali pa `err` umelizika kosa, na hakuna atakayekuuliza.

bitimoja: Hata Rust, ukiitupa `Result` (aina inayobeba jibu au kosa) bila kuiangalia unapata onyo tu.

msimbo_safi: Na eksepsheni?

mama_seva: Nimeziachia mambo ambayo aliyeita fanksheni hana la kufanya, mfano faili la mipangilio halipo. Kadi kukataliwa si dharura, ni jibu kama majibu mengine. Liweke kwenye aina. Halafu kwenye `when` usiweke `else`. Ukiiweka, siku ukiongeza tawi la `Yanasubiri` kompaila itakaa kimya na wewe utakesha.

msimbo_safi: Nimebadilisha. Kompaila imenionyesha makosa 11 kwa mpigo, na moja ni pale tulipokuwa tunatuma risiti bila hata kuangalia kama malipo yamepita 😅