Laptopu ya nyumbani imekuwa nzito kupita kiasi, nianze na RAM au SSD?

MwalimuKibaha
Wakuu habari za jioni. Nina HP EliteBook 840 G1, ile ya Core i5 kizazi cha 4, nilinunua used Kariakoo miaka kadhaa nyuma na kwa kweli imenitumikia vizuri sana, watoto wamesomea humo, mama watoto anapiga hesabu za duka humo kwenye Excel na mimi natunga mitihani humo humo. Sasa toka mwaka huu uanze imekuwa nzito haielezeki. Ukiwasha unaweza kwenda kubandika chai mpaka ichemke ndo unakuta imetulia, ukifungua Chrome kiduara kinazunguka weee, ukibonyeza Word kabla Chrome haijamaliza basi vyote vinaganda na dirisha linapauka.

RAM (memori ya kufanyia kazi) ni 4GB, hard diski 500GB ile ya kuzunguka, Windows 10. Betri ilishakufa kwa hiyo inatumika ikiwa imechomekwa kwenye umeme tu. Fundi mmoja wa mtaani kasema niongeze RAM, mwingine kasema nipige Windows upya, mwingine kasema niiuze nichukue nyingine na hiyo ndo siiwezi kabisa, ada zinakuja. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja, kingine labda mwezi ujao. Kipi kitangulie, RAM au SSD (diski ya kisasa isiyozunguka)? Na kuna chochote naweza kufanya leo bila kununua kitu? Natanguliza shukrani.

KijanaWaUbungo
RAM mkuu, wala usijiulize mara mbili. 4GB kwenye Windows 10 ni mateso, Chrome peke yake inaimaliza. Weka 8 utakuja kunishukuru

fundi_mchikichini
Mwalimu kabla hujatoa hata mia, tuone kwanza mashine inakwama wapi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja itafunguka Task Manager, nenda Performance. Fanya hivyo wakati imeganda, siyo wakati imetulia, maana ikitulia kila kitu kinaonekana kizima. Tutumie namba za CPU, Memory na Disk, na ukibonyeza hapo kwenye Disk kuna mahali pameandikwa Average response time, hiyo ndo naitaka kuliko zote.

Halafu shusha CrystalDiskInfo, ni ya bure, ifungue tu utuambie imeleta rangi gani, bluu, njano au nyekundu. Nakuuliza hivyo kwa sababu umesema betri imekufa, maana yake umeme ukikatika mashine inazima hapo hapo huku diski ikiwa katikati ya kuandika. Diski nyingi zinazoletwa mezani kwangu zimepitia maisha hayo hayo.

MwalimuKibaha
Nimefanya fundi. CPU inacheza kwenye 20 mpaka 30 tu. Memory 89%. Disk imekaa 100% haishuki, ila cha ajabu chini yake kasi ya kusoma ni 1.3 MB/s. Average response time inaruka ruka kati ya 900 ms (milisekunde, 1000 ni sekunde moja) na 2000 na kitu. CrystalDiskInfo imeleta njano, imeandika Caution, na kwenye mstari wa Current Pending Sector Count kuna kidoti cha njano. Umeme hapa kwetu unakatika kweli, hilo umelijuaje 😀 Hii inamaanisha nini?

fundi_mchikichini
Inamaanisha acha mambo ya wepesi kwanza, hamisha mafaili usiku huu huu. Mitihani, picha, hesabu za mama, vyote. Weka kwenye flashi au diski ya nje na vile vya muhimu zaidi vipandishe Google Drive. Anza na visivyopatikana tena popote, filamu na miziki viache mwisho, na faili likigoma kunakilika liruke uende kwa lingine, usikae unalilazimisha.

Sasa nikueleze kinachotokea. Pending sector ni sehemu ya diski ambayo imejaribu kuisoma ikashindwa, ikaiweka alama ya kusubiri. Windows ikihitaji kitu kilichoko hapo, diski inarudia kusoma, inarudia tena, inarudia tena, na programu zote zinazohitaji diski zimepanga foleni nyuma yake. Ndo maana unaona 100% wakati kinachopita ni MB 1 tu, iko bize lakini haitoi kitu. Hard diski isiyoumwa ya laptopu ikinakili faili kubwa inatoa kama MB 100 kwa sekunde, na response time ikiwa na kazi za kawaida inakuwa makumi ya ms. Wewe unasubiri sekunde nzima mpaka mbili kwa kila ombi.

Kwa hiyo ukinunua RAM leo utakuwa na 8GB zinazosubiri diski mbovu, na huyo aliyesema upige Windows upya angeipiga juu ya diski hiyo hiyo, ingekuwa nyepesi kidogo halafu unarudi pale pale. SSD itangulie.

KijanaWaUbungo
Fundi nakubali diski inaumwa lakini memory 89% nayo si kidogo, kwa nini useme RAM isubiri

fundi_mchikichini
Swali zuri kijana na RAM anaihitaji kweli, nazungumzia ipi ianze. RAM ikikaribia kujaa Windows inachukua vitu ambavyo havitumiki kwa wakati huo inaviweka kwenye pagefile, yaani faili lake la akiba, na pagefile iko kwenye diski. Yaani upungufu wa RAM unageuka kuwa mzigo wa diski. Kwenye diski ya kuzunguka mkono wa kusomea unatakiwa uhame kwa kila kipande, unapata vipande kama mia hivi kwa sekunde au pungufu, ndo hapo mashine inaganda. Kwenye SSD hakuna kinachozunguka, inafanya maelfu kwa maelfu kwa sekunde, kwa hiyo hata RAM ikijaa anaona kusita kidogo tu maisha yanaendelea. SSD inaficha upungufu wa RAM, RAM haiwezi kuficha diski inayokufa.

Pwani001
Salaam kutoka Mombasa. Fundi kasema sawasawa, mimi naongezea upande wa kununua maana huko ndiko watu wanakoliwa pesa zao. Mwalimu mashine yako inachukua SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya inchi 2.5, unene wa mm 7. Usikubali kuuziwa NVMe, aina nyingine ya SSD, eti ni kali zaidi, ni kali kweli lakini kwako haitafanya kazi. SATA mwisho wake ni kama MB 550 kwa sekunde na kwa kazi zako hizo yatosha sana.

La pili, ogopa SSD ya ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa. Zile za nje za 2TB mpaka 16TB zinazouzwa rahisi mtandaoni, ukifungua ndani unakuta kikadi cha memori kimebandikwa gundi, na kimedanganywa programu yake ya ndani ili kompyuta ione TB. Unanakili mafaili yanaingia, siku unayataka hayafunguki. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, inajaza diski yote kisha inasoma tena kuhakikisha kilichoingia ndicho kinachotoka. Ifanye mara tu unaponunua kabla hujaweka kitu, risiti ikiwa bado mkononi. Na ukifika zamu ya RAM uliza DDR3L, hiyo L usiisahau, ni ya volti 1.35. DDR3 ya kawaida ni ya volti 1.5 na prosesa za kizazi chako haziitaki, mwenye duka akikwambia ni kitu kimoja ondoka zako. Mashine ina nafasi mbili za RAM, huhitaji kutupa hiyo ya 4GB.

mama_stesheneri_Moro
Mwalimu uliuliza cha kufanya bila hela na naona hujajibiwa. Mimi nina stesheneri, kompyuta zangu zote ni za mtumba na wateja wanapanga foleni kwa hiyo haya nayafanya kila mashine mpya ikiingia. Task Manager hiyo hiyo nenda Startup, zima vyote visivyo na kazi, unakuta Skype, Spotify, updeta za printa uliyoiuza zamani, vyote vinaamka na mashine asubuhi. Vya touchpad na sauti viache. Antivairasi kama ziko mbili ondoa moja, zinapekua kila faili mara mbili, na kwa matumizi ya nyumbani ile inayokuja na Windows inatosha. Hizo programu za kusafisha registry (daftari la mipangilio ya Windows) usiziguse kabisa, hazina faida na nyingine zinaleta matangazo yake humo humo.

Kingine, ukizima kwa Shut down Windows 10 kwa kawaida haizimi yote, kuna sehemu inaihifadhi ili iwake haraka kesho, kwa hiyo uchafu wa wiki nzima unaamka nao. Bonyeza Restart ndo inaanza upya kweli. Na kama unatumia bando la simu iwekee Metered connection, haitashusha updeti kubwa wakati unachapa mtihani.

Kwa wenye Dell humu, ikiwa imekuwa nzito ghafla tazama chaja. Dell isipoitambua chaja inaleta ujumbe wakati wa kuwaka kwamba itaenda polepole na haitachaji betri, na watu wengi wanabonyeza tu kuendelea bila kusoma. Niliwahi kuhangaika na Windows wiki nzima kumbe kipini cha katikati cha chaja kimepinda.

MwalimuKibaha
Wakuu mrejesho. Mafaili yametoka karibu yote, yaliyogoma ni video chache za sherehe na nakala tunazo kwa shemeji. Nimechukua SSD ya 240GB, nikaipima H2testw kama alivyosema ndugu yangu wa Mombasa ikatoka salama, Windows tumepiga mpya. Jamani. Inawaka mpaka naweza kuandika Word ndani ya nusu dakika, na mama watoto kafungua daftari lake la Excel lenye kurasa za miaka yote, akanigeukia akauliza umenunua nyingine?

Maswali mawili yamebaki. Windows imejiaktiveti yenyewe bila namba, ni sawa? Na hii diski ya zamani naweza kuiweka kwenye kesi ya USB nikaitumia?

fundi_mchikichini
Hongera mwalimu. Kujiaktiveti ni sawa kabisa, leseni imefungwa na madabodi siyo diski. Ila ujue sapoti ya bure ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (kichipu cha usalama), yako haifiki. Kuna mpango wa updeti za usalama za ziada kwa watu wa nyumbani, ingia Windows Update ujiandikishe, huo ni hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo fikiria Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure badala ya Windows, mashine hii inaibeba bila jasho, ijaribu kwanza kwa flashi bila kufuta kitu uone kama mitihani yako inafunguka vizuri kwenye LibreOffice, ndo Word na Excel za bure za huko.

Hiyo diski ya njano usiiwekee kitu unachokipenda. Katuni za watoto sawa, picha hapana. Na ukija kuiuza au kumpa mtu usifute kwa Quick format, ondoa tiki hapo kwenye Quick iandike diski yote, majibu ya mitihani yako yalikuwa humo.

mama_stesheneri_Moro
Na betri mwalimu. Umeme ukikatika SSD nayo haipendi. Hela ya mwezi ujao mimi ningeanza na betri, RAM ifuate

MwalimuKibaha
Nimekuelewa mama. Betri basi.