Nataka kufungua sehemu ya mboji na kununua plastiki Kisauni, Mombasa, leseni naanzia NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) ama kaunti?

mboji_kisauni:
Asalaam aleikum wanajamvi. Mimi na wenzangu tuna kikundi huku Kisauni, tumeonyeshwa ploti ya kukodi upande wa kwenda Mwakirunge, na mpango wetu ni kuchukua mabaki ya soko la Kongowea, kabichi zilizooza, maganda ya machungwa, majani ya ndizi, yale yote yanayorundikwa jioni yakanuka mpaka barabarani, tuyafanye mboji tuwauzie wakulima wa Kilifi na Kwale. Pembeni tununue chupa za plastiki na makatoni kutoka kwa vijana wanaookota, tunapima kwa kilo, tunafunga marobota tunauza.

Shida ni makaratasi, kila mtu ana lake. Mmoja asema nikishalipia leseni ya biashara ya kaunti nimemaliza. Mwengine asema bila NEMA nitafungiwa. Mwengine asema mboji ni mbolea si taka kwa hivyo NEMA haiwahusu. Halafu nasikia kuna ripoti za kupeleka kila mwaka, ripoti za nini hasa na nani anaziandika? Anayeijua hii njia anieleze kinagaubaga, hatutaki kujenga kisha tuje kubomoa.

bahari_tu:
Kaka anza tu. Ukingoja makaratasi ya serikali hutafanya chochote, taka ziko hapo zinaoza na vijana hawana kazi. Wakija utaongea nao.

mkaguzi_mvita:
Waleikum salam. Kazi yangu ni hizi hizi, tathmini na ukaguzi wa mazingira hapa Pwani, so nivumilie nitaandika kirefu.

@bahari_tu nakuelewa ndugu, hata mimi naumia nikiona zile taka, lakini ushauri huo utawapotezea wenzako pesa. Afisa akija akakuta unapokea taka bila leseni hamna cha kuongea, ni kufunga, na mashine ushanunua na kodi ya ploti inakimbia.

Sasa @mboji_kisauni, jibu ni kote kuwili. Katiba ya 2010 imewapa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa, ndio maana kaunti lazima iwajue, lakini leseni ya kuendesha sehemu ya taka inatoka NEMA chini ya sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni zake za taka, halafu juu yake kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Ile leseni ya biashara ya kaunti yakuruhusu kufanya biashara, haikuruhusu kupokea taka. Na kuhusu mboji, ikitoka getini kwako kwenye magunia ni mbolea sawa, lakini ile kabichi ikiingia getini ni taka, na leseni yaangalia kinachoingia.

Mpangilio ndio watu wengi hukosea. Usianze na leseni ya taka, anza na ardhi. Uliza hiyo ploti imeandikishwa kwa matumizi gani, kama ni ya makaazi mwenye ploti itabidi aombe kubadilisha matumizi kwa idara ya mipango ya kaunti, hiyo ni sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi. Ukishatulia hapo ndio unatafuta mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA awafanyie tathmini ya athari za mazingira. Tangu 2019 miradi imegawanywa kwa hatari ndogo, ya wastani na kubwa, na ripoti inafuata daraja lake, kwa hivyo ukubwa wa kazi muuseme ukweli mapema, msiandike tani chache halafu mkapokea malori. Leseni ya tathmini ikitoka ndio mnaomba ile ya kuendesha sehemu ya taka, na hiyo ni ya mwaka mmoja mmoja, mnahuisha. Wafanyakazi nao, sehemu ya kazi inasajiliwa kwa idara ya usalama na afya kazini, sheria ya 2007.

kisima_cha_bibi:
Mimi si mtaalamu, ni jirani tu. Ninakoishi kulikuwa na watu wa kurundika taka za soko wakiita mboji, hawakuweka sakafu, hawakuweka paa, mvua za masika zikaja na yale maji meusi yakazama chini. Ardhi yetu hii ya Mombasa ni mawe ya matumbawe, inapitisha maji kama chujio, na nyumba ngapi hapa zanategemea visima? Maji yalibadilika harufu, watoto wakaanza kuumwa matumbo, hatukuweza kuthibitisha kwamba ni wao lakini hakuna aliyekunywa tena. Kwa hivyo tafadhalini, hiyo tathmini musiione ni karatasi ya kununua. Pigeni sakafu ya zege, mtaro wa kukusanya yale maji, na paa. Na waendeeni majirani kabla ya kujenga si baada.

mkaguzi_mvita:
Shukran sana @kisima_cha_bibi, hili nilitaka nilifikie. Majirani kuulizwa ni sehemu ya tathmini yenyewe, maoni yao yanaingia kwenye ripoti, na NEMA ikitoa leseni mtu asiyeridhika ana siku 60 za kukata rufaa kwa National Environment Tribunal, baraza la taifa la kesi za mazingira. Yale maji meusi pia yanaweza kurudishwa kwenye rundo likikauka, mboji yataka unyevu, bora yasikimbie.

mama_robota_jomvu:
Mwanangu mboji_kisauni mimi niko upande wa plastiki, Jomvu, na nakwambia leseni utaipata in shaa Allah, kitakachokushinda ni rejista. Nunua daftari kubwa na mizani nzuri kabla hata ya mashine. Kila mzigo ukiingia andika tarehe, umetoka wapi, ni kitu gani, kilo ngapi, ukitoka andika umeenda kwa nani, na kile kisichofaa ambacho kimepelekwa jaani kiandike pia, hicho ndicho watu huficha na ndicho huulizwa kwanza. Kikundi nikijuacho kilikuwa na leseni zote, wakaguliwa, hesabu ya kilo zilizoingia haifanani na zilizotoka wala hazimo stoo, wakasumbuka sana. Wale vijana wanaookota uwape risiti hata ya mkono, yawalinda na wao wakisimamishwa na kanjo, askari wa kaunti, wakiwa na mzigo.

mboji_kisauni:
Allah awalipe nyote. Maswali mawili tu. Tulikuwa tumepanga kubeba kutoka Kongowea kwa pikapu ya jamaa, je hiyo yahitaji leseni yake? Na hizo ripoti za kila mwaka mbona bado sijazielewa.

mkaguzi_mvita:
Pikapu ndio, kusafirisha taka kuna leseni yake mbali, gari lifunikwe zisimwagike njiani na dereva awe na ile hati ya kufuatilia mzigo, inayoonyesha taka zimetoka wapi na zinakwenda wapi. Kama hamtaki mzigo huo mwanzoni, ingieni mkataba na msafirishaji mwenye leseni tayari, awaletee getini. Na mifuko, tangu Aprili 2024 NEMA ilitoa agizo taka za kuoza ziwekwe kwenye mifuko inayooza yenyewe, kwa hivyo ongeeni na wachuuzi wasiwaletee mabichi ndani ya nailoni, itawapunguzia hata kazi ya kuchambua.

Ripoti ziko za aina mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni ukaguzi wa mazingira, wa mwanzo unafanywa ndani ya miezi 12 tangu muanze kazi halafu kila mwaka, na humo munaonyesha kama munafanya yale mliyoahidi kwenye tathmini, sakafu ipo, mtaro unafanya kazi, harufu mnaidhibiti vipi. Ya pili inatoka kwa sheria ya 2022, biashara binafsi inatakiwa iwe na mpango wa usimamizi wa taka wa miaka 3 na kila mwaka inapeleka kwa NEMA ripoti ya utekelezaji. Zote mbili zinakula kutoka kwa daftari la @mama_robota_jomvu. Kwa upande wa mboji ongezeni safu ya joto la rundo, lipite digrii 55 kwa siku kadhaa ili vijidudu na mbegu za magugu zife, na muandike siku mliyoligeuza. Hiyo itawafaa tena mkienda KEBS, shirika la viwango, kutafuta alama ya ubora, kwa sababu ukianza kufunga magunia na kuyaita mbolea ya kuuza, huko ndiko mlango unaofuata.

mama_robota_jomvu:
Na majina kwenye leseni, kikundi kama kimesajiliwa weka jina la kikundi, si la mwenyekiti. Mwenyekiti akitoka mnabaki bila leseni.

mboji_kisauni:
Jumatatu naenda idara ya mipango kuulizia hiyo ploti. Mwenye ploti akikataa kubadilisha matumizi tutatafuta nyengine kabla hatujalipa chochote. @kisima_cha_bibi kama waijua hiyo mitaa niandikie kwa inbox unielekeze visima viko wapi.