Ukimshuku ndugu yako kwa jinai, nyumbani mnafanyaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, mada hii hapa Tanzania huongelewa chini chini. Kijana anarudi nyumbani na simu ambazo hazijulikani zilikotoka, shemeji anatajwa mtaani, mtoto anamsema mjomba. Familia nyingi ama zinaficha, ama zinampiga mtu mpaka aseme. Mnaojua taratibu za mtaa, polisi, hospitali na mahakama, wekeni hapa. Mikasa ya kwenu ibaki kwenu, tunachotaka ni utaratibu.

Balozi wa Shina
Kwanza tenganisheni tetesi na mlichokiona. Chukua daftari, andika tarehe, saa, kitu gani, kilikuwa wapi na nani alikuwepo. Msiitishe kikao cha ukoo mzima. Watu kumi na tano wakishajua asubuhi, jioni mhusika kashajua, na mzigo haupo tena. Watatu wanatosha: mwenye nyumba, mtu mzima mmoja anayeheshimika na mmoja wa kuandika.

Halbadiri na mganga wekeni kando. Ramli chonganishi karibu siku zote humwangukia dada wa kazi au mtoto wa kambo, yaani yule ambaye tayari hapendwi. Akipigwa, kesi inageuka, washtakiwa mnakuwa ninyi. Na kama mtaa umeshaanza kupiga kelele za "mwizi", msimtoe nje. Fungeni mlango, pigeni simu kituoni, mwiteni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wananchi wenye hasira kali hawana muda wa kusikiliza utetezi.

Fundi Simu
Ukikuta simu usiyoielewa chumbani kwa kijana, usiweke laini yako "kujaribu tu". Ukishaiweka, IMEI (namba ya utambulisho) ya simu ile na namba yako vinaonekana pamoja kwenye mtandao, na wapelelezi watabisha hodi kwako kabla ya kwake. Usiipeleke kuflashiwa pia, hapo unafuta ushahidi. Kama imewaka na haina nywila, piga *#06#, linganisha namba itakayotokea na iliyo kwenye boksi. Hakuna boksi, hakuna risiti, na bei anayoitaja ni ya kutupa? Hapo shaka yako ina msingi.

La pili ni laini. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya shangazi na bibi. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, nenda ofisi ya mtandao husika ikafutwe, na udai uthibitisho.

Wakili wa Kata
Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) inamtaka kila anayejua kosa la jinai limetendeka au linapangwa atoe taarifa polisi au kwa kiongozi wa eneo. Ukiripoti, ondoka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Anayemficha mhalifu huku akijua, ili akwepe adhabu, naye ana kosa. Mume na mke wamesamehewa kwa hilo. Mama mzazi, kaka na dada hawamo, na hapa ndipo wengi wanaponaswa: mama anampa mwanawe nauli usiku aende kwa babu, akidhani ni mapenzi tu ya mzazi.

Mahakamani, mke au mume kwa kawaida halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake, ila makosa ya kujamiiana au yanayomgusa yeye mwenyewe au watoto wao ni habari nyingine.

"Tumalizane kifamilia" nayo ina mipaka. Kwa shambulio la kawaida mahakama yenyewe inaweza kuhimiza suluhu. Kupokea hela ili kosa kubwa lizimwe ni jinai nyingine. Kumpiga mtu ili akiri hakusaidii pia, maelezo ya namna hiyo yanaweza kukataliwa.

Polisi wakija kupekua, omba kuona hati ya upekuzi, awepo shahidi huru (mjumbe au jirani), na soma orodha ya vilivyochukuliwa kabla ya kusaini. Sema wazi chumba ni cha nani na ufunguo anao nani. Mkikaa kimya, mali iliyokutwa inakuwa ya nyumba nzima.

Nesi wa Zamu
Mtoto akimtaja ndugu kwa ubakaji au ulawiti, kikao hakuna. Msimwogeshe. Msimbadilishe nguo, na kama mmeshambadilisha, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa nailoni unatunza unyevu na kuharibu sampuli. Mpelekeni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, mchukue PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), au anzeni hospitali kama kituo kiko mbali. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi.

Msimhoji mtoto mara kwa mara. Kila shangazi akiuliza kwa namna yake, maelezo yanabadilika, na wakili wa utetezi anazipata tofauti hizo bila jasho. Aandike mtu mmoja, kwa maneno ya mtoto mwenyewe, hata kama ni "alinifanyia tabia mbaya". Mtuhumiwa ndiye ahame nyumba, siyo mtoto. Namba 116 ni bure kwa mambo ya watoto.

Karani
Naongezea ya dhamana. Mahojiano ya polisi yamewekewa saa nne za msingi, zinaweza kuongezwa nyingine zisizozidi nane, na mtuhumiwa ana haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu. Mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana, kwa hiyo anayewaahidi "kumtoa" anakula hela yenu. Kwa makosa yenye dhamana, mdhamini aje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, na asome kiasi cha bondi kabla ya kusaini, maana ndugu akitoroka anayedaiwa ni yeye. Dhamana ya polisi haiuzwi. Askari akikutajia bei, mwombe risiti.