Friji ya gari-nyumba la zamani haipoozi vizuri tukipanda Mbeya

Mkazi wa Iringa
Ndugu zangu, naomba msaada. Friji ya gari-nyumba letu la zamani haina kompresa. Hutumia gesi ya mtungi, betri ya volti 12 au umeme wa volti 230. Tulipokuwa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, ilipooza vizuri kwa gesi licha ya joto la kule, lakini tulipopanda kupitia Tukuyu hadi Mbeya, kwenye baridi, maziwa yalichacha kabla ya jioni. Njiani kurudi Iringa, kwa betri, hali ilikuwa mbaya zaidi. Fundi mmoja ameshauri mfumo ujazwe gesi kama friji za nyumbani. Je, nikubali?

Fundi friji, Uyole
Tafadhali usikubali. Ndani ya mabomba yale mna amonia, maji na hidrojeni vilivyofungiwa kiwandani kwa shinikizo kubwa, na hakuna mahali pa kujazia. Kinachoendesha friji hiyo ni joto: mchanganyiko huchemshwa kwa nyuma, mvuke wa amonia hupanda, hupoa na kuwa kimiminika, kisha hugeuka tena mvuke huku ukifyonza joto la ndani ya friji. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba joto linafika. Simamisha gari mahali tambarare, weka pimamaji juu ya sakafu ya friji, iwashe kwa umeme wa nyumbani kwa saa 24, na uache kipimajoto ndani ya glasi ya maji. Kikisoma chini ya nyuzi 5, mfumo ni mzima. Ikiwa kichemshio kimepata joto lakini friji haipoi, mfumo umeziba au umevuja. Na ukiona unga wa njano au ukinusa amonia, zima, fungua madirisha na usiiwashe tena.

Mdau wa Mafinga
Kwa kuwa ilifanya kazi Matema na kushindwa Mbeya, mimi nashuku kichomeo, dada. Ziwa Nyasa liko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mbeya mjini ni kama mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi na moto wa gesi hudhoofika. Kichomeo kisafi mara nyingi huhimili. Chenye masizi hakihimili. Fungua kifuniko cha nje usiku uutazame moto: ukiwa na ncha za njano badala ya kuwa wa buluu uliotulia, kuna uchafu, na mara nyingine ni utando wa buibui tu ndani ya mrija. Funga mtungi, ondoa kichomeo kabla ya kupiga brashi bomba la moshi ili masizi yasikiangukie, na ule utepe wa chuma uliosokotwa unaoning'inia ndani urudishe kwenye kimo kilekile. Jeti, yaani kipande chenye tundu dogo la kupitishia gesi, iloweke kwenye spiriti. Usiichokoe kwa sindano, maana tundu likipanuka moto hauwi tena wa kiwango chake. Ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote kabla ya kuwasha.

Mkazi wa Iringa
Asanteni sana. Kwa umeme wa nyumbani imefika nyuzi 4. Moto wa gesi ulikuwa wa njano kweli, na bomba lilijaa masizi. Baada ya kusafisha umekuwa wa buluu, na hapa Iringa friji inapooza. Imebaki betri: injini ikiwaka, napata volti 13.8 kwenye betri lakini 10.5 kwenye hita ya friji.

Fundi umeme wa magari, Makambako
Volti hizo zinapotelea njiani. Hita iliyotengenezwa kwa volti 12 ikipata 10.5, joto lake hupungua kwa karibu robo. Kagua kishikio cha fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na sehemu waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi, kwani kutu hukaa hapo. Kisha vuta waya wa milimita 6 za mraba, chanya na hasi, kutoka kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi iwe karibu na betri. Hata hivyo, ipooze kwanza kwa umeme au gesi kabla ya safari, kwa sababu volti 12 kwenye friji hizi ni ya kutunza ubaridi uliokwisha kupatikana.