Mlango kwenye tezi ya boti ya faiba: nikate au niache?

Mvuvi wa Kasenyi:
Salamu, wakuu. Nina boti ya faiba ya futi 22 yenye injini moja ya farasi 60 katikati ya tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, nami huwapeleka wageni kuvua sangara kati ya Entebbe na visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria. Ukingo wake uko juu mno kutoka majini. Juma lililopita samaki tuliyemkadiria kilo 40 alining'inia kwenye kiopoo huku watu wawili wakimvuta, akajipiga ubavuni mwa boti mara mbili, akachomoka na kuzama. Nafikiria kukata mlango wa sentimita 50 upande wa kulia wa tezi, ili samaki wa namna hiyo avutwe moja kwa moja hadi sitahani. Fundi wangu anasema ni kazi ya siku mbili. Nizingatie nini?

Fundi Faiba, Jinja:
Siku mbili zinatosha kukata tu. Kabla hajagusa grainda, ipakie boti mafuta, barafu na watu kama siku ya kazi, kisha utie alama maji yanapofika kwenye tezi na uilinganishe na kimo cha sitaha. Sitaha ikiwa chini ya alama hiyo, au juu yake kwa vidole viwili tu, achana na mlango, kwa sababu mpira wa kuziba maji, hata uwe mzuri vipi, huchakaa.

Kisha kumbuka kwamba tezi ndiyo inayobeba injini. Ndani ya faiba kwa kawaida mna plaiwudi, na maji matamu ya ziwa letu huiozesha upesi kuliko maji ya chumvi. Toboa kwa ndani tundu la milimita 5, karibu na chini, utazame unga unaotoka: ukiwa mkavu na mweupe, endelea; ukitoka mweusi, umeshikana kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, basi una tezi nzima ya kubadilisha.

Ukikata, pembe za tundu ziwe za mviringo, kwani ufa huanzia kwenye pembe kali. Chokoa plaiwudi kuzunguka tundu lote, ujaze epoksi nzito (gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu), halafu uunganishe matabaka mapya na faiba ya zamani kwa mteremko mrefu: faiba ya unene wa milimita 5 isagwe hadi milimita 60 kutoka ukingoni. Rezini ya poliesta ni nafuu, lakini haishiki vizuri kama epoksi juu ya faiba iliyokwisha kukauka zamani.

Nahodha Mstaafu:
Naongeza moja. Mlango ufunguke kwa nje, ili wimbi la nyuma liukandamize kwenye fremu. Ukifunguka kwa ndani, ni komeo peke yake linalozuia ziwa. Ila kwanza igeuze injini hadi mwisho wa kulia, uone kama haitaugonga. Na injini izimwe kila samaki anapopitishwa, maana propela iko hapo hapo.

Mvuvi wa Kasenyi:
Ahsanteni, wazee wangu. Nimeipakia boti leo: alama iko sentimita 6 chini ya sitaha, nikafurahi. Kisha nikawaomba vijana wanne wasimame nyuma, kama wageni wanavyokimbilia huko samaki akitokea, na maji yakafika usawa wa sitaha. Sikati. Kuna anayejua mahali pa kutengenezewa wavu wa kuopolea wenye mpini wa mita 2?