Watafiti wa data kubwa, mmechora "utamaduni wa Mombasa" bila watu wa Mombasa!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Juzi watafiti fulani wametuita ukumbini hapa mjini, wakawasha projekta, wakatuonyesha ramani: "Utamaduni wa watu wa Mombasa", umesomwa na kompyuta kutoka kwenye posti za mitandaoni. Ramani ina vitone vyekundu. Nyali imejaa, Fort Jesus imejaa, ufuo wa Bamburi haupitiki kwa wekundu. Haya, itafute Likoni. Pale kivukoni maelfu wanavuka kila siku, lakini vitone ni vya kuokoteza. Kisauni vivyo hivyo. Changamwe hakuna kitu kabisa.

Nikauliza kulikoni. Jibu: "Tumechukua posti zenye alama ya mahali." Sasa jamani, nani huweka alama ya mahali? Mgeni wa hoteli aliyepiga picha ya ngamia! Mama wa Likoni mwenye bando la shilingi ishirini ana haja gani ya kuutangazia ulimwengu alipo? Maneno yake yako WhatsApp, tena anayarekodi kwa sauti. Hamnayo, sawa, siwalaumu kwa hilo. Ninachowalaumu ni kuandika "watu wa Mombasa" juu ya ripoti ya watalii.

Eti data ikiwa nyingi makosa yanajifuta yenyewe. Uongo mtupu! Google walianza mwaka 2008 kukisia mafua kwa yale watu wanayoyatafuta mtandaoni. Msimu wa 2012/13 huko Marekani makisio yakafika karibu mara mbili ya hali iliyoripotiwa na madaktari, na 2015 mradi ukafungwa. Na hayo ni mafua, yana daktari wa kuwasuta. Mkikosea utamaduni wetu, nani atawasuta?

Wakautaja na ule utafiti wa vitabu uliotoka kwenye jarida la Science mwishoni mwa 2010. Vitabu zaidi ya milioni 5, takriban asilimia 4 ya vyote vilivyowahi kuchapishwa, wakapima utamaduni kwa kuhesabu maneno. Lugha: Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kirusi, Kichina, Kiebrania. Kiswahili hakimo. Na hata kingekuwemo, mashairi mangapi ya mji huu yaliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na mangapi yalibaki vichwani mwa wazee?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hamkai na watu. William Taylor alikuwa mmisionari wa Kiingereza, karne ya 19 hiyo, lakini alipotaka mashairi ya Muyaka, mshairi wetu wa Mombasa wa zamani, alimwendea Mwalimu Sikujua, mtu wa hapa hapa, amsaidie kuyakusanya na kumfafanulia. Hati hizo ziko Chuo cha SOAS, London, hadi leo. Nyinyi mna mitambo ambayo Taylor hakuiota, na hakuna hata mmoja wenu aliyekaa baraza moja la Kibokoni akauliza.

Ndiyo maana mkatuletea ile slaidi ya pili. Ujumbe wa kundi la mtaani, watu wametoka harusini: "Mpishi wa leo ni jini, atatuua na biriani yake." Programu yenu imeutia kwenye fungu la vitisho na chuki! Mpishi anasifiwa, nyinyi mmemfanya mhanga. Halafu mnajumlisha hapo mnasema Pwani kuna hasira nyingi mitandaoni, na ripoti inapelekwa kwa wenye kupanga mambo ya usalama. Vijana wetu wanasumbuliwa vya kutosha bila hilo.

Tena ule ujumbe mliupata vipi? Lile ni kundi la kufungwa. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Nani aliwapa ruhusa, na aliyeandika anajua kwamba maneno yake yalitandazwa ukutani?

Najua mmo humu, mnasoma. Wekeni hapa orodha ya makundi mliyochota, na mseme ni nani mzaliwa wa hapa aliyeipitia kazi hiyo kabla haijatoka. Na aliyekuwepo ukumbini akapata nakala ya ripoti, aitupie kwenye uzi huu tuisome pamoja, ukurasa kwa ukurasa.