Muhuhu: mbegu, vipandikizi au tishu kalcha?

Kitalu Msabaha: Asalaam aleikum. Nina kitalu hapa Msabaha, Malindi, nataka kuotesha muhuhu, ule mti wa mbao ngumu wanaouchonga vinyago. Uchongaji umeutafuna sana msituni Arabuko-Sokoke. Mwaka jana nilisia trei tatu, nikapata miche kumi na mmoja tu. Nirudie mbegu, nijaribu vipandikizi, ama nipeleke macho (vichipukizi vya tawi) maabara yakuzwe kwenye chupa, yaani tishu kalcha?

Mama Miche: Mwanangu, usijilaumu. Mbegu nyingi za muhuhu huwa tupu au zimetobolewa na wadudu. Zibonyeze kwa ukucha kabla ya kusia: tupu hubonyea. Tena muhuhu una dume na jike, kwa hiyo usikusanye chini ya jike lililosimama peke yake. Vipandikizi, chukua machipukizi laini ya kisiki. Matawi ya mti mkongwe ni taabu kutoa mizizi.

Fundi Chupa: Nimefanya kazi maabara ya migomba. Mgomba mmoja hukupa mamia ya miche, lakini mti wa mwitu una tabia zake. Fomula ya chakula cha chupani ni ileile ya Murashige na Skoog ya 1962, sukari gramu 30 kwa lita, chupa zinapikwa nyuzi 121 kuua vijidudu. Jicho unaliosha kwa jiki. Siku ya tatu unaona ageri (jeli ya chakula hicho) chini yake inageuka kahawia, kama majani ya chai yanavyoachia rangi. Ni maji ya mti wenyewe, na usipolihamisha jicho linakufa. Chupa zangu 40 za kwanza za mti wa mwitu zilibaki sita. Na miche ya mama mmoja yote ni mti uleule: ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote.

Kijana wa Watamu: Na mafuta ya muhuhu ya manukato? Si seli zikuzwe tangini, mti uachwe? Japani walizalisha shikonini, rangi nyekundu ya mmea, hivyo miaka ya 1980.

Fundi Chupa: Shikonini ni ya mizizi, na seli zilikubali kuitoa. Mafuta ya muhuhu yamo kwenye mbao, na bonge la seli changa halina mbao. Usimwahidi mtu.

Kitalu Msabaha: Basi nitaanza na mbegu, za majike kumi yaliyo mbalimbali, kibali kikishatoka. Chupa nitayawekea majike yasiyotoa mbegu nzima. Mama, wale wadudu hutoboa mbegu zikiwa mtini au zikishaanguka? Nataka kujua siku ya kutandaza turubai.